Si Husuda, Ni Msumari



Leo sikuja na singo wala mapishi. Nimekuja na ugomvi.

Baada ya Idi tulimpeleka mwanetu Moshi. Kaolewa na kijana wa Machame, watu wa dini, Waislamu wa vizazi na vizazi kule mlimani. Zawadi ya mashangazi ilikuwa kioo cha mita moja na sentimita 80 kwa mita moja, fremu ya mbao iliyochongwa, mashallah, kila aliyekiona alikisifu. Tulikifunga blanketi tatu. Kikapanda boti hadi Dar, kikapanda basi, kikaenda zaidi ya kilomita 500 kupitia Segera na Same, kikafika Moshi bila hata ufa. Bahari haikukivunja, matuta ya barabarani hayakukivunja. Kilichokivunja ni msumari wa inchi tatu.

Chumba kiko Pasua, nyumba ya kupanga. Fundi aliitwa, akagonga msumari mmoja juu ya kichwa cha kitanda, akafunga waya nyuma ya fremu, akatundika. "Inshaallah kitakaa, mama." Akapokea chake akaondoka. Siku ya tatu maharusi wakapanda Machame kula chakula cha mchana kwa wakwe. Waliporudi, kioo kizima kilikuwa juu ya mito yao, vipande vipande. Alhamdulillah ilikuwa mchana, na kitanda hakikuwa na mtu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonitia hasira. Kabla vipande havijazolewa, kule Unguja hukumu ilikwishatoka kwenye kundi la familia: husuda. Wakwe wamekitia jicho. Wabara hawajafurahi. Mmoja akasema tangu siku ile mama mkwe aliposhika fremu na kusema "kizuri" bila mashallah, yeye alijua tu. Mwingine akasema kioo kuvunjika ndani ya siku saba si dalili njema kwa ndoa. Yote hayo kwa sauti za kurekodi, moja baada ya nyingine, na bibi harusi mgeni wa watu anazisikiliza peke yake Pasua, usiku.

Na yule mama mkwe aliyekuwa akisemwa ndiye aliyeshuka kutoka mlimani na ufagio wake. Alizoa vioo kwa mkono wake asimuache mwanetu akatwe. Kisha akauokota ule msumari, akaugeuza, akamwonyesha. Ulikuwa na kipande cha plasta na rangi kimeganda. "Mwanangu," akasema, "huu ulishika rangi. Ukuta haukuushika."

Mimi naamini jicho lipo. Mtume, rehma na amani zimshukie, ametufundisha hivyo na ametufundisha dua zake. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyetukataza kuona mikosi katika vitu, na ni Suratul Hujurat hiyo hiyo tunayoihifadhi tangu madrasa inayotukataza dhana na kusengenyana. Na ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza juu ya ngamia wake, nani miongoni mwetu haijui? Aliambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Hatukumfunga ngamia, halafu tukamtuhumu jirani kwa wizi! Dhulma hii tumeizoea mpaka hatuioni. Kila kinachoanguka kina mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi zaidi ni mama mkwe.

Hebu tuhesabu, maana hesabu haina husuda. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba. Chetu kilikuwa karibu mita mbili za mraba kasoro, yaani kilo 18 za kioo kitupu. Ongeza fremu na ubao wa nyuma, unafika kilo 25. Ni nusu mfuko wa saruji. Nani kati yenu angekubali kulala chini ya nusu mfuko wa saruji uliotundikwa kwa msumari mmoja?

Na ule waya ni mtego mwingine. Ukiukaza sana ili usionekane kwa juu, kila upande wake unavutwa kwa nguvu inayoweza kufikia uzito wote wa kioo, na hata kuuzidi. Kioo kizito hakitaki waya. Kinataka pete mbili za chuma zilizofungwa kwa skrubu kwenye fremu, kulia na kushoto, kila moja na skrubu yake ukutani, zimepimwa kwa pima maji zikae sawa.

Sisi wa visiwani tuna tatizo letu la kurithi. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono ulionyooshwa, na wazee wetu hata hawakutundika vitu vizito sana. Walijenga zidaka ukutani wakapanga humo sahani na vyombo vyao. (Wallahi, zidaka ndiyo akili. Hazijawahi kuangukia mtu.) Tumekua tukiona msumari unaingia kwenye chokaa na picha ndogo inakaa miaka, tukadhani ukuta ni ukuta. Ukuta wa Pasua ni tofali la saruji lililopakwa plasta ya sentimita moja na nusu au mbili. Ukigonga msumari, plasta inapasuka kwa ndani usione, msumari unagonga tofali, unapinda, unakaa kwenye shimo pana kuliko wenyewe. Kila mlango ukibamizwa unalegea kidogo. Siku moja unatoka.

Dawa yake ni kitu cha bei ndogo kuliko piko la mkono mmoja: plagi ya plastiki, ile ambayo mafundi wetu wanaiita fisha. Jina limetoka kwa Mjerumani Artur Fischer, aliyeitengeneza mwaka 1958. Inaingizwa kwenye shimo la drili, kisha skrubu inapoingia ndani yake inaitanua, ikaubana ukuta kutoka ndani. Kwa kioo kama chetu mwambie fundi fisha za milimita 8, biti ya milimita 8 ya kutobolea ukuta, na skrubu za sentimita 6 au 7, maana fisha lazima ivuke plasta ikae ndani ya tofali. Shimo lipulizwe vumbi kabla. Ikiwa tofali ni la mchanga mwingi na saruji kidogo, nalo lipo sana, drili izungushe tu, isigonge, la sivyo shimo litamomonyoka likawa pango. Na asitoboe juu au chini ya swichi ya taa. Nyaya za umeme zinapita humo.

Utakayeolewa juu zaidi, Uru au Kibosho, ukakuta nyumba ya mbao, fisha haina kazi. Skrubu iingie kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba ulio kati ya nguzo na nguzo. Mlimani mvua ni nyingi, na masika ukuta wa mbao unapata unyevu, kwa hiyo chukua skrubu zisizoshika kutu. Na kwa ukuta wa jipsamu, usitundike kioo kizito. Nukta.

Wako pia wanaotuuzia kioo cha kubandika kwa gundi. Gundi inashika rangi, na rangi ikibanduka kioo kinakuja nayo. Tena ile silikoni yenye harufu ya siki inakula fedha ya nyuma ya kioo, na baada ya muda unajiona uso una mabaka.

Najua mtaniambia mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Sawa, ni mali yake na idhini ni haki yake. Muombeni. Mwenye nyumba wa Pasua alikataza drili lakini aliruhusu misumari, na ule msumari mmoja umebandua plasta kipande cha ukubwa wa sahani ya biriani, wakati mashimo mawili ya fisha yangezibwa kwa kijiko cha saruji siku ya kuhama. Akikataa kabisa, kioo kisimame sakafuni, kiegemee ukuta, kifungwe kwa juu kwenye kabati zito kisimuangukie mtoto.

Na nyinyi mashangazi, masomo na makungwi. Mnamuandaa binti wiki nzima. Mnajua bei ya udi, ya asumini, ya leso za kutuza. Kwenye sanduku lile lenye pishi za manukato haukukosekana hata ubani, lakini hakuna aliyeuliza nani atatoboa ukuta. Mlitoa laki kadhaa kwa kioo mkashindwa kuongeza elfu chache za skrubu, tena ilikuwa kitanda cha mtoto wenu wenyewe.

Fremu haikuvunjika. Fundi wa Moshi ameitia kioo kipya, na shemeji mdogo wa bwana harusi amekuja na drili ya kuazima. Ni fisha nne safari hii, na kimehamishiwa ukuta wa pembeni, mbali na kitanda. Mwanetu amenitumia picha. Sauti zile za kundi la familia zimefutwa kimya kimya, mmoja mmoja kafuta yake. Simu ya kumuomba radhi mama mkwe wa Machame, mpaka naandika haya, haijapigwa.