Mbunge Akirudi Jimboni, Atusomee Hesabu ya Dhahabu

Julai ni mwezi wa wabunge kurudi nyumbani. Bunge la Bajeti limeahirishwa, Sheria ya Fedha imeanza kutumika tarehe mosi, na katika majimbo ya Kanda ya Ziwa viti vya plastiki hupangwa chini ya turubai, vipaza sauti hufungwa juu ya gari, na mheshimiwa huja kutoa mrejesho. Mwaka 2024 nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo katika kituo cha biashara kilicho kati ya Kahama na Geita, mahali ambapo mlio wa makarasha ya kusaga mawe haunyamazi hadi usiku. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu shangazi yangu. Nikakuta mji mzima uko uwanjani, nami nikaketi.

Mheshimiwa alizungumza vizuri. Alieleza kwamba Bunge limepitisha bajeti ya Serikali ya shilingi trilioni 49.35 kwa mwaka 2024/25. Kisha akaanza kuorodhesha: madarasa nimeleta, zahanati nimeleta, kisima nimeleta, transfoma iko njiani. Kila kipengele kilipigiwa makofi na vigelegele. Ilipofika zamu ya sheria mpya, alitumia sentensi moja tu: kwamba Bunge limepitisha sheria nyingi nzuri zenye manufaa kwa wananchi. Ngoma ikarejea.

Kando yangu aliketi mama mmoja ambaye huponda mawe kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Ujira wake mara nyingi ni mawe yenyewe: hupewa kiasi, akayasagisha, akauza kinachopatikana. Hakupata nafasi ya kushika kipaza sauti, hivyo aliniuliza mimi kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hiyo asilimia mbili wanayosema, inakatwa kwenye dhahabu ya mwenye duara peke yake, au hata kwenye kidogo changu?"

Nina shahada ya uzamivu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichora mzunguko wa bajeti ubaoni, na wanafunzi wangu wakiunakili. Sikuweza kumjibu mama yule. Nilimwambia, "Mama, nitafuatilia." Ni jibu lile lile ambalo huwa nawalaumu wanasiasa kwa kulitoa.

Nimefuatilia, na makala haya ndiyo majibu yangu kwake na kwa mheshimiwa.

Tuanze na asilimia zenyewe. Februari 2019, baada ya wachimbaji wadogo kukutana na Rais John Magufuli na kueleza kilio chao hadharani, Bunge lilibadili sheria na kuwaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwezi uliofuata soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, ambayo ilirudisha kodi ya mapato kwa wachimbaji wadogo kwa kiwango cha asilimia 2 ya thamani ya mauzo. Sisemi kwamba kodi hiyo ni mbaya. Kila mwenye kipato anapaswa kuchangia, na asilimia 2 ni nafuu kuliko 5. Ninachosema ni kwamba nafuu ile ya kwanza ilitangazwa kwa shangwe nchi nzima, wakati kodi iliyofuata wengi waliijua siku waliyokatwa.

Sasa tufanye hesabu ambayo mheshimiwa hakuifanya. Chukulia mchimbaji mdogo ameuza sokoni dhahabu ya shilingi milioni 10 kwa viwango vya kawaida vya mwaka 2024. Mrabaha wa asilimia 6 ni shilingi 600,000. Ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni shilingi 100,000. Kodi ya mapato ya asilimia 2 ni shilingi 200,000. Ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ni shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 930,000. Kati ya hizo, 900,000 zinakwenda Serikali Kuu, na 30,000 ndizo zinazobaki katika halmashauri ambako shimo limechimbwa, miti imekatwa na zebaki imemwagika.

Na mama yangu wa mawe? Yeye hafiki sokoni. Humuuzia broka palepale kwenye karasha, na broka anajua kwamba sokoni atakatwa. Kwa hiyo humpunguzia bei mapema. Jibu la swali lake ni hili: ndiyo mama, na wewe unakatwa, ila huna risiti. Hukuwekwa kwenye orodha ya walipakodi, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona kwamba anawajibika kukueleza fedha imekwenda wapi.

Hapa ndipo neno "nimeleta" linaponitatiza. Katiba yetu, ibara ya 63, inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Haikumpa mbunge sanduku la fedha. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia hoja ya kutoza kodi au kuongeza matumizi isipokuwa pale Rais anapopendekeza kupitia kwa waziri. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge iwapo litakataa kupitisha bajeti ya Serikali. Kwa mipaka hiyo, mbunge anaweza kuomba, kuhoji, kushawishi na kukosoa, lakini si kuleta. Fedha za darasa alilolitaja ni kodi ya watu walewale waliokuwa wakimpigia makofi, akiwamo mama aliyekatwa bila risiti. Mbunge anayesimama na kusema "niliomba nikanyimwa, na sababu niliyopewa ni hii" anatueleza ukweli mkubwa zaidi kuliko anayesema "nimeleta".

Upo mfuko mmoja ambao mbunge ana mkono wake ndani: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake anaiongoza yeye. Huo ni mdogo ukilinganisha na bajeti ya halmashauri, lakini ni wajibu wake wa moja kwa moja. Katika mkutano ule haukutajwa.

Lakini jambo kubwa zaidi ambalo halikutajwa ni kwamba mbunge wa jimbo pia ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Dodoma yeye ni sauti moja kati ya mamia. Katika baraza ni mmoja kati ya wachache, na mara nyingi ndiye mwenye uzito kuliko wote. Na katika ukanda huu wa dhahabu, baraza ndilo linalokaa mezani na migodi mikubwa.

Historia inatufundisha gharama ya kutosimamia meza hiyo. Kwa miaka mingi sheria ya fedha za serikali za mitaa iliruhusu ushuru wa huduma wa hadi asilimia 0.3 ya mauzo, huku mikataba ya migodi mikubwa ikiweka dola 200,000 kwa mwaka, mgodi uzalishe wakia ngapi. Mikataba ilikuwa siri. Geita Gold Mine ilianza uzalishaji mwaka 2000, na ni katika muongo uliofuata ndipo asilimia 0.3 ilipoanza kulipwa, baada ya madai na mazungumzo marefu. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ilikuwa madarasa na zahanati. Hakuna aliyeihesabu mbele ya wananchi kwa wakati.

Mwaka 2017 sheria zilibadilika tena. Kwa hati ya dharura, na ndani ya siku chache, Bunge lilipitisha sheria za umiliki wa maliasili na marekebisho ya Sheria ya Madini. Serikali ikapata haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Watu wengi wanakumbuka hayo. Wachache wanakumbuka kifungu cha 105, kinachoitaka kampuni ya madini iandae kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii, zile fedha ambazo huku kila mtu anaziita CSR, na kuukubali pamoja na halmashauri. Kifungu hichohicho kinaipa halmashauri wajibu wa kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi juu ya miradi. Elimu hiyo ni takwa la sheria. Mrejesho wa mbunge ambao haugusi mpango wa CSR wa mwaka huo, miradi yake, gharama zake na hatua zilipofikia, umeacha nje kiini cha habari.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Miaka kumi na miwili. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya uzalishaji alikuwa bado shule ya msingi mgodi ulipofungwa. Siku mauzo yanapokoma, ushuru wa huduma nao unakoma. Eneo lile sasa linapangiwa viwanda, na tunaombea mafanikio. Lakini swali la msingi kwa wana-Kahama linabaki: ushuru wa miaka yote ile ulijenga nini, na hesabu yake imebandikwa ukuta gani? Bulyanhulu nayo itaisha, na Geita itaisha. Dhahabu haipandwi msimu ujao kama pamba.

Nitakuwa mnafiki nikimlaumu mbunge peke yake. Sisi wapiga kura tumemzoesha. Tunampigia simu achangie msiba, anunue jezi, amlipie mtoto ada. Akituletea jedwali la mapato tunasinzia. Akituletea msanii tunaamka. Nasi wasomi tumejificha kwenye istilahi. Na Katiba haikutupa nyenzo: Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza wapiga kura waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, na pendekezo hilo halikunusurika katika Bunge Maalumu. Kwa sasa silaha yetu ni swali.

Napendekeza basi mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mbunge aje mara mbili: kabla ya Aprili, muswada wa fedha ukiwa bado haujaandikwa, ili akabebe hoja zetu, na Julai, ili atueleze zipi zilisikika. Akija Julai, alete karatasi moja yenye mambo matano: sheria mpya zinazogusa kazi za watu wa jimbo hili na viwango vyake; ushuru wa huduma ulioingia halmashauri kutoka migodini na masokoni; mpango wa CSR na hatua ya kila mradi; Mfuko wa Jimbo; na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 ili upangwe upya. Watendaji wa kata na vijiji, mnaonisoma kila wiki: karatasi hiyo mnaweza kuibandika ofisini bila kusubiri maelekezo, kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji tayari una haki ya kusomewa mapato na matumizi ya kijiji chake. Wanafunzi wangu mnaokwenda likizo: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwekwa wazi kila Aprili. Tafuteni ukurasa wa halmashauri yenu, mkausome kwa wazazi wenu kwa Kisukuma.

Tufuate mara ya mwisho shilingi 30,000 zile zilizobaki halmashauri. Asilimia 10 yake ni 3,000. Sehemu ya wanawake, asilimia 4, ni shilingi 1,200. Hicho ndicho kiasi ambacho, katika dhahabu ya shilingi milioni 10, sheria imemtengea mama wa mawe na wenzake wote wa wilaya, tena kwa mkopo.

Wiki iliyopita nilirudi nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akajipangusa vumbi mikononi, akasema, "Kumbe inahesabika." Kisha akaniuliza mkutano ujao wa mheshimiwa ni lini.