Je, Waliokufa Njiani Walitupwa na Mungu?

Naomba niseme na ndugu zangu Wakristo wa Nyarugusu na wa vijiji vya Kasulu na Kibondo, juu ya ushuhuda mmoja ambao umekuwa desturi makanisani mwetu, nao si mwema.

Mtu husimama mbele ya kusanyiko, akasema, "Tulikimbia watu wengi. Wengine walikufa njiani, bali mimi Mungu alinitunza kwa sababu nilimwamini." Nao watu huitikia, "Amina." Jumapili moja niliketi karibu na mama aliyezika watoto wawili ufukoni mwa ziwa. Ile Amina ilipoitikiwa, aliinama akajifunika uso kwa kanga yake. Nikajiuliza, Amina hii yamwambia nini? Yamwambia kwamba watoto wake walitupwa na Mungu kwa ajili ya uchache wa imani ya mama yao. Hasha! Hiyo si Injili.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, wataka kutuzuia tusimshukuru Mungu?" La, mshukuruni, tena sana. Nikatazalo ni lile neno "kwa sababu." Asemaye "Mungu alinitunza" amshukuru Mungu, lakini aongezaye "kwa sababu nilimwamini," huku akiwataja waliokufa, ajisifu nafsi yake juu ya makaburi ya wenzake.

Tuyatazame Maandiko. Yusufu alionywa katika ndoto, akamchukua Mtoto na mama yake usiku, wakakimbilia Misri. Bwana wetu naye alikuwa mkimbizi, kama Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na kama Warundi waliowafuata mwaka 2015. Yeye aliokoka, na watoto wa Bethlehemu wakauawa. Je, mama zao hawakuomba? Mwinjili hasemi hivyo. Auacha ule msiba usikike, wala hawaambii wale mama kwamba wamekosa neno. Tena wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana mwenyewe alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu.

Sasa tuje karibu. Mwezi wa Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa Tanganyika na milima. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikaingia, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ndugu zangu, kipindupindu hakimwulizi mtu imani yake; hufuata maji machafu. Nao waliopona, waliponaje? Walinyweshwa maji yenye chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe, wakapewa dawa. Wengi walichukuliwa na meli Liemba mpaka Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira, kisha wakaletwa Nyarugusu kwa mabasi. Meli ile Wajerumani waliitumia vitani, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikaopolewa, na tangu 1927 ikachukua wasafiri. Hivyo chombo cha vita kilikuja kuwabeba waliokimbia vita.

Mwingine atasema, "Hizo ni kazi za watu, sisi twasema habari za Mungu." Basi amsome Paulo katika safari yake ya Rumi. Aliahidiwa na malaika kwamba hapana hata mmoja atakayepotea katika watu 276 waliokuwamo merikebuni. Je, aliketi akingoja? Hakuketi. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, aliwaonya askari kwamba hao wakitoka, hakuna atakayeokoka. Kisha akawahimiza wote wale chakula wapate nguvu. Ahadi ilikuwa ya Mungu, nayo ilitimia kwa kazi ya mabaharia, kwa mkate, na kwa mbao zilizowafikisha pwani.

Kwa hiyo nasema: utunzaji wa Mungu si mshahara wa imani yetu. Ni deni. Wewe uliyenyweshwa na mkono wa mtu usiyemjua, umnyweshe nani leo? Mama yule yupo jirani yako. Mchotee maji, umsaidie kuyachemsha, ukae naye siku ya kuwakumbuka wanawe. Yatima aliye mlangoni pako, mpeleke shuleni pamoja na mwanao. Ndipo usimame kanisani useme, "Mungu alinitunza," nasi tutaitikia Amina bila kumchoma mtu moyo.

Mithali yasema Mungu hamtupi mja wake. Naisadiki. Lakini kama ni kweli kwangu niliye hai, ni kweli pia kwa mtoto aliyezikwa mchangani. Na kama si kweli kwake, mimi nami sina la kutumaini.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Mwalimu, Nyarugusu