Mlango wa Pili wa Wodi
Mhudumu wa afya wa Mishamo akipiga simu 114, gari la zimamoto lina safari ndefu mbele yake. Dakika za kwanza za moto ni za waliomo wodini, na kwa maoni yangu uhai huokolewa au hupotea mlangoni.

Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wanafunzi 67 walifariki bwenini usiku: mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Wodi nazo huwekewa nondo kwa hofu ya wezi.

Basi tathmini ya hatari ianzie mlangoni, kisha ikague nyaya chakavu, spiriti, majiko, na mitungi ya oksijeni, kwani oksijeni ikivuja huchochea moto. Mpango wa uokoaji umtaje wa zamu ya usiku atakayembeba mama aliyetoka kujifungua, na mahali pa kukutania ili watu wahesabiwe. Ufanyiwe mazoezi, kuubandika ukutani hakutoshi.

Nawe mgonjwa, au ndugu unayeuguza, uliza siku ya kwanza: mlango wa pili uko wapi, na ufunguo anao nani? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.