Nyumba na Kazi: Stesheni ya Juu na Njia ya Kwenda Namanve

Kabla jua halijachomoza, watu huwa wamekwisha kushuka kwa makundi kutoka Nsambya, Naguru, Kireka na Bweyogerere kuitafuta Barabara ya Jinja. Wengi wao ni wafanyakazi wa viwandani. Miongoni mwao wamo wake wa askari, vijana waliokulia katika nyumba za kambi, na wazee waliostaafu utumishi wakapata kazi ya ulinzi kwenye malango ya viwanda. Kila mmoja huondoka nyumbani na hesabu mbili kichwani: atafika saa ngapi, na nauli ya leo itakuwa kiasi gani. Mvua ikinyesha hesabu zote mbili huharibika, kwani teksi hupandisha nauli na foleni ya magari haisogei. Atakayechelewa kufika langoni hukatwa ujira, na hasara hiyo huonekana jioni katika sufuria ya nyumbani.

Wanakokwenda ni Namanve, eneo la viwanda lililoko mashariki mwa jiji, mwendo wa kilomita zipatazo 14 kutoka stesheni ya reli ya Kampala. Ukubwa wake ni kama ekari 2,200, nalo limeingia katika wilaya mbili, Wakiso na Mukono. Zamani hapo palikuwa msitu wa hifadhi, na watu wa makamo hawalitaji jina la Namanve bila kushusha sauti, kwa ajili ya maiti zilizokuwa zikitupwa msituni humo katika miaka ya 1970. Mwishoni mwa karne iliyopita ardhi hiyo ilitolewa kwa ajili ya viwanda. Leo pana viwanda vya vinywaji, vya mabati na nondo, vya vyakula, pamoja na mtambo wa umeme wa mafuta wa megawati 50 ulioanza kazi mwaka 2008. Pahali palipokuwa pa kuogofya pamekuwa pahali pa kutafutia riziki.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba reli ilipita hapo kabla ya kiwanda chochote kujengwa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1931, daraja la mto Nile pale Jinja lilipokamilika, gari la moshi likaweza kutoka pwani hadi Kampala bila abiria kupanda meli. Mwaka 1956 njia hiyo ikafika Kasese, karibu na machimbo ya shaba ya Kilembe. Yafaa kusema kwa kupita tu kwamba Kiswahili nacho kilisafiri kwa njia hiyo. Katika karakana na nyumba za wafanyakazi wa reli, Mganda, Mluo, Mkamba na Mhindi walipaswa kuelewana, na lugha waliyoelewana kwayo ndiyo hii inayosomwa katika ukurasa huu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja nalo likavunjika, na Uganda ikaunda shirika lake. Miaka iliyofuata haikuwa ya neema. Injini zilipungua, vipuri vikawa haba, na kabla karne haijaisha treni za abiria zilikuwa zimekwisha kusimama. Kizazi kizima kikakua Kampala kikiiona reli kama njia ya mkato ya waendao kwa miguu, au uwanja wa kuanikia nguo na kuuzia nyanya.

Mwezi Desemba mwaka 2015 treni ya abiria ilirudi, ikawa inatoka Kampala kwenda Namanve asubuhi na jioni, ikisimama njiani pahali kama Nakawa na Kireka. Ilikuwa ni kazi ya pamoja ya Mamlaka ya Jiji la Kampala na kampuni ya Rift Valley Railways iliyokuwa imekodishwa reli. Watu waliipokea kwa furaha. Kampuni hiyo ilipoondoka, safari zilikatika, nalo Shirika la Reli la Uganda likazianzisha tena mwaka 2018. Mwaka 2023 zikasimamishwa ili njia ya kutoka Kampala hadi Mukono, kilomita 28, itengenezwe upya na kuwekewa mataruma ya zege. Mwaka 2024 zikarejea.

Hata hivyo treni hiyo haiwezi kuyafanya yote yanayotakiwa, na kosa si la dereva wala la mkata tiketi. Njia ni moja tu, upana wake mita 1 kati ya chuma na chuma, na treni za mizigo zinaitegemea njia hiyohiyo. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana ila penye stesheni yenye njia ya pili. Kwa hiyo haiwezekani kupeleka treni kila baada ya dakika 10, hata injini zikipatikana kwa wingi. Pili, reli hukata barabara na vichochoro vingi vya watu. Mjini, reli ya chini na barabara ni kama mafahali wawili katika zizi moja: treni ikipita, magari hungoja, magari yakinasa kivukoni, treni husimama.

Hapo ndipo linapoingia wazo la stesheni ya juu. Mpango wa reli nyepesi ya Kampala umezungumzwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka 10, ingawa reli yenyewe haijajengwa. Reli nyepesi ni magari ya umeme, mafupi na mepesi kuliko treni ya mizigo, yanayoweza kusimama na kuondoka upesi. Penye msongamano, njia yake hupandishwa juu ya nguzo za zege, na stesheni hujengwa hukohuko juu, barabara ikiendelea na shughuli zake chini. Kwa Kampala hili lina sababu ya ziada. Jiji limekaa juu ya vilima, na katikati ya vilima pana mabonde ya mafunjo na matope, kama lile la Kinawataka. Tuta la udongo likijengwa bondeni huzuia maji, na mafuriko yakaingia nyumbani kwa watu. Nguzo huyaacha maji yapite, mradi misingi yake ishuke hadi kwenye ardhi ngumu. Kazi hiyo ni ghali mno, na asiyetaja gharama anapozungumzia nguzo hasemi habari kamili.

Mfano wa karibu uko Addis Ababa. Wahabeshi walifungua reli yao nyepesi mwezi Septemba mwaka 2015, miezi mitatu tu kabla ya treni ya Namanve kurudi. Ina njia mbili na stesheni 39. Moja inatoka kaskazini hadi Kality, kitongoji cha viwanda upande wa kusini, nyingine inatoka mashariki kwenda magharibi. Katikati ya jiji njia hizo mbili huungana na kupita juu ya nguzo kwa karibu kilomita 3, na stesheni za sehemu hiyo ziko juu. Gharama yote ilifika dola milioni 475 za Marekani, nyingi zikiwa mkopo kutoka China. Gari moja hubeba abiria wapatao 280. Kwa kuwa teksi ya Kampala imeruhusiwa abiria 14, gari hilo moja ni sawa na teksi 20 zilizoondolewa barabarani.

Lakini mfano huo una upande wake wa pili, nao hautajwi sana katika hotuba. Yalinunuliwa magari 41, na miaka michache baadaye mengi yao yalikuwa yamewekwa kando kwa kukosa vipuri. Tena, pale reli ilipopita chini, uzio wake uliwagawa majirani, hata mtu aliyezoea kuvuka kwenda sokoni akalazimika kuzunguka mbali. Askari wa kikosi cha ufundi atalifahamu jambo hili bila kufafanuliwa: kupewa gari ni siku moja, kulitunza ni kila siku. Umeme, kwa bahati njema, si tatizo la kwanza la Uganda. Bwawa la Bujagali lilianza mwaka 2012 likiwa na megawati 250, na Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa mwaka 2024. Tatizo la kwanza ni fedha, la pili ni matengenezo.

Sasa na tuitazame stesheni yenyewe kwa macho ya mwenye nyumba, maana wahandisi huitazama kwa macho ya zege. Stesheni ya juu ina ngazi. Kijana hupanda ngazi 40 bila kuzihesabu, lakini mama mjamzito, askari aliyepoteza mguu vitani na mzee mwenye magoti mabovu huzihesabu moja moja. Lifti ni jawabu ikiwa inafanya kazi. Ikiharibika mwezi mzima, stesheni hiyo imewafungia mlango. Mteremko mrefu usio na ngazi hauharibiki, nao wastahili kujengwa hata palipo na lifti. Kisha kuna taa. Viwanda vingi hubadilisha zamu alfajiri na usiku, na sehemu ya chini ya nguzo, isipowekewa taa, huwa maficho ya vibaka. Mwanamke anayetoka zamu saa tatu usiku hataipenda reli yoyote, hata ikiwa nzuri namna gani, iwapo inambidi kupita gizani kuifikia. Kituo kidogo cha polisi mlangoni, choo safi, bomba la maji, na pahali pa mama ntilie kuuza uji kwa utaratibu: hivyo si mapambo.

Yako pia masafa kutoka stesheni hadi langoni. Ekari 2,200 ni eneo kubwa. Mfanyakazi akishuka treni kisha akalazimika kupanda boda boda hadi kiwandani, faida ya nauli imekwisha kuliwa. Chukua mfano wa mtu anayeokoa shilingi 1,000 kila safari kwa kupanda treni badala ya teksi. Kwa safari 2 kwa siku, siku 24 za kazi, ameokoa shilingi 48,000 kwa mwezi. Boda boda ikimtoza shilingi 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, hana kitu. Ndiyo maana madaraja ya miguu yatokayo stesheni moja kwa moja hadi upande wa viwanda yana thamani kubwa kwa familia kuliko ukumbi wenye vioo.

Wakati reli ya juu ingali katika makaratasi, treni ya chini inapita, nayo inapita karibu na milango ya watu. Wazazi wanaokaa kandokando ya njia, hasa kutoka Nsambya hadi Kireka, hawana budi kuwafundisha watoto mambo ambayo wao wenyewe hawakufundishwa, kwa kuwa wengi wao walipokuwa wadogo treni za abiria hazikuwapo. Injini inayovuta mabehewa ya mizigo haisimami kama gari. Dereva akivuta breki anapomwona mtoto, itaendelea kuteleza mamia ya mita. Treni inayokuja husikika kwa kuchelewa kuliko watu wanavyodhani, zaidi kwa kijana aliyeziba masikio akisikiliza muziki. Nguo zisianikwe juu ya mataruma, wala genge lisipangwe katikati ya vyuma kwa kutegemea kwamba ratiba inajulikana, kwani treni ya mizigo haina ratiba inayobandikwa sokoni.

Ratiba ya abiria, kinyume chake, hubandikwa stesheni. Ndugu wa zamu ya mchana huweza kuifuata. Wale wa zamu ya usiku wanaotoka Namanve treni ya mwisho ikiwa imekwisha kuondoka wangali wanasimama kando ya Barabara ya Jinja, wakipungia teksi mkono.