Bangili za Mama na Daftari la Wanawe



Wasomaji wetu watukufu, juma hili twazungumzia jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi: vijana wanaoanzisha kampuni ndani ya nyumba za wazee wao, kwa akiba zao wenyewe, pasi na mkopo wa benki wala mfadhili.

Tunaijua nyumba moja ya namna hiyo hapa Mombasa, Mji wa Kale, na wenyewe wameturuhusu tuyasimulie yao madhali hatutaji majina. Ndugu wawili wametengeneza programu ya simu ya kumsaidia mwenye duka kuandika madeni ya wateja: nani kachukua unga, nani kachukua sukari, nani kaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Ofisi yao ni sebule ya mama yao. Wakirudi msikitini alfajiri hufungua tarakilishi juu ya meza ya chakula, kwa kuwa saa hizo nyumba imetulia na joto halijapanda. Kufika saa mbili dada yao huanza kupokea simu za wenye maduka. Huyu kasahau nambari yake ya siri, yule deni limejiandika mara mbili. Adhuhuri meza hupanguliwa watu wale, kisha hupangwa tena. Jioni kaka mkubwa hutoka kwenda kusomesha hisabati watoto wa watu, na ujira huo ndio unaonunua tokeni za stima na bando za intaneti. Mashoga wa mama siku hizi hukaribishwa chumbani, maana sebule ina wenyewe.

Maisha haya yana mengi ya kusifiwa. Vijana hawa hawakuikaribia riba, wala hawakukaa barazani kungoja kazi ya serikali. Lakini katika mwezi wa tisa wa kazi yao tuliitwa usiku, baada ya Isha, tukawakuta ndugu hawasemezani.

Kisa kilikuwa bangili. Mwanzoni mama aliuza bangili zake nne za dhahabu, alizorithi kwa mama yake, na fedha zake ndizo zilizonunua tarakilishi mbili. Sasa programu imeanza kuingiza kidogo. Mdogo ataka kuoa, akadai fungu lake. Mkubwa akasema hakuna fungu kabla mama hajalipwa deni lake. Mdogo akajibu kwamba mama hakukopesha, alitoa zawadi. Ndipo dada yao akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi niliyepokea simu miezi tisa, niko wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Tukamgeukia mama. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuwauliza, nao hawakuniuliza. Niliona haya kuandikiana na wanangu."

Hapo tukalikumbuka kosa letu. Miezi tisa nyuma tuliitwa katika sebule ile ile kusoma dua ya kuanza kazi. Tukasoma, tukala mahamri, tukaenda zetu. Hatukuuliza neno moja juu ya mali. Vijana wanaowafundisha watu kuandika madeni hawakuwa na karatasi hata moja baina yao. Na sisi tunaosomesha aya ya deni, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, tuliketi pale tukanyamaza.

Enyi kina mama, fedha mnazowapa wana wenu wakaanzie kazi huwa moja ya mambo matatu. Huenda ikawa hiba, yaani zawadi. Na hapo mzazi ameusiwa kuwafanyia watoto wake usawa, wa kike na wa kiume. Huenda ikawa karadha. Nayo hurudishwa kiasi kile kile, bila ya ziada iliyoshurutishwa. Au huenda ikawa mtaji katika ushirika: mama akatoa mali na wana wakatoa kazi, faida wakagawana kwa sehemu walizokubaliana, na ikitokea hasara pasipo uzembe, mali iliyopotea ni ya mama. Njia zote tatu ni halali. Jina lake lisipotajwa siku ya kwanza, kila mmoja huchagua lile linalomfaa siku ya ugomvi.

Na lau mama yule angelifariki kabla ya usiku ule? Ikiwa ni deni, lingelipwa na kuingia katika mirathi, na binti angelipata fungu lake. Ikiwa ni hiba, asingelipata kitu katika fedha zile. Wala tusidhani kwamba Kadhi yuko kwa kila ugomvi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Ugomvi wa kampuni una mahakama nyingine, na huko kitu cha kwanza utakachoulizwa ni maandishi.

Wako wasemao kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Huko Palo Alto, Marekani, Bill Hewlett na David Packard walianzia kazi katika banda la gari la nyumba ya kupanga, kwa mtaji wa dola 538. Walikuwa marafiki tangu chuoni, na juu ya hivyo mwaka 1939 walifunga ushirika rasmi. Hata jina la nani litangulie waliliamua kwa kurusha sarafu. Lakini nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu. Lucile, mkewe Packard, aliajiriwa Chuo Kikuu cha Stanford, na mshahara wake ukaitegemeza nyumba. Akawaandikia barua, akawawekea hesabu, na rangi za mitambo yao zikakaushwa katika oveni ya jikoni mwake. Jina la kampuni likabeba wanaume wawili. Tazameni basi majumbani mwenu: ni nani Lucile wenu, na kazi yake imeandikwa wapi?

Usiku ule tuliandika, kwa kalamu, juu ya karatasi ya daftari la madrasa, na majirani wawili wakashuhudia. Mama alichagua iwe karadha, ilipwe kila mwezi kabla ya mtu yeyote kugawiwa kitu. Dada ameandikiwa ujira, na miezi yake tisa imehesabiwa kuwa deni juu ya kaka zake. Mdogo alitia sahihi uso umemkunjamana, maana arusi yake imesogezwa mwakani. Bangili zenyewe hazirudi tena.

Nasi tumejiwekea ada. Tukiitwa kusoma dua ya kazi inayoanzwa nyumbani, kwanza twaomba kalamu na karatasi, na twamuomba mama na binti waje waketi nasi. Yakisha kuandikwa ya kuandikwa, ndipo tunapoinua mikono.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awabariki vijana wetu katika rizki zao, na awahifadhie udugu wao. Amin. Wallahu aalam.