Mstaafu Aamke Saa Ngapi?

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, lakini kazi niliyosomea ni ualimu. Ukiona maneno yangu yananuka chaki, unisamehe.

Kila mwaka hufika mezani kwangu wazee waliotoka kazini: walimu, makarani, askari. Zamani mtumishi wa serikali katika Kenya alistaafu akiwa na miaka 55, na tangu mwaka 2009 umri huo ni miaka 60. Mzee huja na barua yake mkononi, akauliza: "Kijana, ninunue ng'ombe wa gredi wangapi?" Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza: "Niamke saa ngapi?" Nami naona swali hili ndilo lifaalo kutangulia.

Sababu ni hii. Baba yangu alikuwa mwalimu. Kwa zaidi ya miaka 30 kengele ilimwambia wakati wa kuingia, wa kula na wa kutoka. Alipostaafu, kengele ilinyamaza. Mwezi wa kwanza alipumzika, na hiyo ilikuwa haki yake. Mwezi wa pili aliweka kiti chini ya mparachichi. Kufika mwezi wa sita alikuwa akilala mchana na kukesha usiku, na kilima cha kwenda sokoni kilimshinda. Akasema ni uzee. Kumbe kilichomdhuru zaidi ni kile kiti. Misuli isiyotumika hupungua, na miguu ikilegea mtu huanguka.

Aliyemwokoa ni mama. Hakumpa hotuba. Alimwambia tu, "Mwalimu, kuanzia kesho kuku ni wako." Basi kuku hawajui pensheni. Alfajiri wataka kufunguliwa na kupewa maji safi. Jioni wataka kufungiwa kabla kicheche hajapita. Kila miezi 3 wataka chanjo ya kideri. Baba akanunua daftari, akaandika mayai ya kila siku. Kisha akaongeza kazi ya kukata nyasi za nepia. Mwaka haukwisha, akakipanda tena kilima kile kwa miguu yake.

Sasa nasema neno ambalo wazee wengine hawatalipenda. Mzee arudipo nyumbani hukuta shamba lina mwenyewe. Mkewe amelilima miaka yote hiyo. Ajua pembe ipi hutuama maji, na ng'ombe yupi hupiga teke. Haifai mume kufika na kiinua mgongo akaanza kutoa amri kama mwalimu mkuu. Na aingie darasa la kwanza, mkewe amfundishe. Nimeona akiba ya miaka mingi ikiisha kwa mwaka mmoja: ng'ombe watano wamenunuliwa, nyasi hakuna, na mama mwenye kujua shamba hakuulizwa.

Kwa hiyo, msomaji, jiandikie ratiba. Amka saa ile ile kila siku. Kazi ya jembe ifanye asubuhi, jua lisijawa kali. Mchana pumzika na usome. Jioni tazama mifugo, uandike hesabu. Siku moja ya juma iwe ya chama cha ushirika au ya kumtembelea mwenzako, maana upweke nao ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima, na mzee pia, atumie mwili kwa nguvu ya kiasi walau dakika 150 kwa juma. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Mwenye shamba huzipata bila kutafuta uwanja wa michezo. Ila mwenye shinikizo la damu au magoti mabovu na aulize kwanza zahanatini, achague kazi nyepesi kama kitalu cha miche au bustani ya mboga.

Nawe uliyebakiza miaka 5 kazini, usingoje barua. Anza Jumamosi hii na kuku 10, ili siku ya kustaafu ikukute una kazi uliyokwisha kuizoea.

Kiti cha baba kingalipo chini ya mparachichi. Hukikalia saa 8 mchana, akiisha kazi, na daftari lake mapajani.