Umeme: Mwenye Mlango Si Mwenye Nyumba

Watu wengi wa Kenya hulipia stima kila mwezi, lakini ni wachache wanaojua asili ya kampuni inayowauzia. Yafaa asili hiyo ijulikane, maana ndiyo inayoeleza kwa nini gharama haishuki sana hata mvua ikinyesha na mabwawa yakajaa.

Mwanzo wa kazi hii ulikuwa Unguja. Mwaka 1875 Sultani Seyyid Barghash alikuwa na mtambo wa kuwasha taa katika jumba lake na njia zilizo karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliupata mtambo huo, ikaanzishwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya peke yake ya kuuletea mji wa Nairobi umeme. Mwaka 1922 kazi hizo mbili ziliunganishwa, zikawa East African Power and Lighting.

Jina hilo halikuwa la majivuno tu. Mwaka 1932 kampuni ilinunua hisa nyingi katika umeme wa Tanganyika, na mwaka 1936 ikapata leseni Uganda. Lakini ukubwa huo haukudumu. Mwaka 1948 Uganda iliunda bodi yake yenyewe. Mwaka 1964 hisa za Tanganyika zikachukuliwa na serikali ya huko. Mwaka 1983 kampuni ikaitwa Kenya Power and Lighting, kwani jina la zamani lilikuwa limeizidi mipaka yake.

Hata nyumbani iliendelea kupunguzwa. Mwaka 1954 iliundwa Kenya Power Company, chini ya usimamizi wake, ili kujenga waya mkubwa kutoka Tororo hadi Nairobi na kuleta umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka huo huo. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilitengwa kabisa, ikawa KenGen, mwenye mabwawa ya mto Tana na mvuke wa Olkaria. Tangu mwaka 2008 ujenzi wa waya mpya za masafa marefu nao uko mikononi mwa KETRACO.

Basi kampuni imebaki na nini? Imebaki na mlango. Wenye mitambo humwuzia yeye, na mwananchi hununua kwake. Katika hisa zake serikali ina asilimia 50.1. Anayelinda mlango ana nguvu, lakini pia hubeba lawama na madeni ya waliomo ndani.

Fikiri habari za mwenye duka aliyemwahidi mkulima kwamba atamlipia magunia mia ya mahindi kila mwezi, wateja waje wasije. Mwezi wa biashara mbovu hana budi kulipa, na fedha hizo huzitafuta kwa kuongeza bei ya kibaba. Mikataba mingi ya umeme iko hivyo: mtambo hulipwa kwa kuwa tayari, hata usipotumiwa. Mitambo ya upepo ya Turkana, yenye megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini waya wa kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa ulikamilika mwaka 2018. Kwa kuchelewa huko ilidaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi.

Mwaka 2021 serikali iliunda jopo kuichunguza mikataba hiyo. Mwezi wa Januari 2022 bei ilipunguzwa kwa asilimia 15, na mwaka 2023 ikapanda tena. Ni vigumu kushusha bei mlangoni ikiwa ahadi zilizotolewa nyuma yake hazijabadilika.

Wakati huo huo mlango wenyewe si mmoja tena. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliruhusu wengine kuuza umeme, na viwanda vikubwa vimeanza kuweka mitambo yao ya jua. Tajiri akijitoa, gharama za waya huwaangukia waliobaki: mkulima mwenye pampu ya maji na karani mwenye chumba kimoja.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwa hiyo mkataba wa umeme yapasa usomwe na wengi kabla ya kutiwa sahihi, maana watakaoulipa ni wengi, na kwa miaka mingi.